Kitanda Kisichoguswa

Nyumba ya Fundi Rula ilikuwa na urefu wa mita tano na nusu na upana wa mita mbili na sentimita kumi, na ukitaka kukosana naye, sema upana ni mita mbili tu. Zile sentimita kumi alizipigania. Kabla haijawa nyumba, ilikuwa bodi la lori la kusambazia mikate. Lori lilikufa injini, kiwanda kikauza vyuma, na Fundi, wakati huo kijana mwenye mke mjamzito na chumba cha kupanga kinachovuja, akalinunua bodi tupu, akaliburuza mpaka kwenye kiwanja kidogo nyuma ya karakana yake, akalipandisha juu ya matofali. Watu walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Walisema mke wa mtu anakwenda kuishi ndani ya kabati. Fundi hakujibu, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza makabati na hakuona tusi liko wapi.

Jina la Rula alipewa na wateja. Unamwendea akutengenezee kabati la jikoni, naye anakuuliza sufuria yako kubwa ina upana gani, unafungua mlango kwa mkono upi, na ukivua viatu una urefu kiasi gani. Ukimjibu "kama hivi", anatoa tepu mfukoni anakupima mwenyewe, umependa hujapenda. Nyumbani kwake hapakuwa na kitu chenye kazi moja. Ngazi ya mlangoni ilifunuka ikawa sanduku la viatu. Meza ya kulia ilikunjwa ukutani, upande wa nyuma ukawa ubao wa kupigia pasi. Hata mkewe alijifunza kupika akiwa amesimama mahali pamoja tu, akigeuka kiuno bila kunyanyua mguu.

Kwenye kuta za ndani zilibaki reli za chuma, zile ambazo zamani trei za mikate zilisukumiwa juu yake. Mtu mwingine angezing'oa. Yeye alizisugua kutu, akazipaka mafuta, akatengeneza droo za mbao za kuteleza humo. Kwenye reli ya tatu kutoka chini, mkono wa kushoto, akaweka kitanda cha mtoto. Mchana kilisukumwa ndani, jioni kilivutwa nje na mtoto akapanda. Majirani wakambatiza yule binti jina la Mkate, nalo likamganda kuliko lile la kwenye cheti. Baba yake akawa Baba Mkate, mama yake Mama Mkate, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba jina lilianza kama mzaha.

Sasa, watu wanaoishi padogo lazima wawe na sheria, la sivyo watatoana macho. Sheria ya nyumba hii ilikuwa moja na iliitwa ukaguzi. Kila baada ya miezi mitatu, siku ya Jumapili asubuhi, vitu vyote vilitolewa nje vikapangwa juu ya turubai, kuanzia kijiko hadi godoro. Kisha vilirudishwa kimoja kimoja, na kila kimoja kiliulizwa nani amekigusa. Ambacho hakikuguswa na mtu kwa miezi mitatu hakikurudi ndani. Kiligawiwa jirani au kikavunjwa kikawa mbao za kazi nyingine.

Na msidhani Fundi aliwabana wenzake huku yeye akijipendelea. Redio ya marehemu baba yake, kubwa, yenye kitambaa cha dhahabu mbele, aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe alitoa glasi za harusi, dazeni nzima, bado zimefungwa kwenye magazeti. Mkate alipokuwa na miaka sita alipoteza mwanasesere, akalia siku mbili. Ukaguzi uliofuata alikuwa ameshaerevuka: siku moja kabla, alizunguka nyumba nzima akigusa kila kilicho chake kwa ncha ya kidole. Fundi alicheka mpaka machozi, kisha akaongeza kifungu kwenye sheria, kwamba kugusa si kutumia. Mtoto alikubali. Alikuwa mtoto wa kukubali.

Akakua humo, akasoma humo, mitihani akaifanyia maandalizi akiwa amekaa juu ya sanduku la viatu na daftari gotini. Alipofika miaka ishirini na mbili akaolewa na kinyozi wa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, akapata na kazi huko, katika chumba cha kufulia cha hoteli. Wazazi walifurahi, na kwa kweli nyumba ilipumua. Mama Mkate aliweza kunyoosha miguu akiwa ameketi. Fundi alijikuta anatembea moja kwa moja badala ya kupita kiubavu, na hakujua mikono aiweke wapi.

Ukaguzi wa pili baada ya harusi ndio uliokuja na balaa lake. Vitu vilirudi ndani hadi pakabaki kitanda kimoja juu ya turubai.

"Hiki," Fundi alisema. "Miezi mitatu na wiki mbili."

"Kiache," mkewe akasema. "Mtoto akija je?"

"Akija atakuja na mume. Wawili watalala kwenye sentimita sabini?"

"Kiache tu, Baba Mkate."

"Redio ya marehemu baba niliitoa. Glasi zako ulitoa. Leo tuanze kubembelezana?"

Mama Mkate alifungua mdomo, akaufunga. Fundi aliona kabisa kwamba kuna neno limekwama pale, lakini alikuwa na msumeno mkononi na mtu mwenye msumeno mkononi huwa hana subira. Zilikuwa mbao nzuri, ngumu, zilizolainishwa na miaka ya kusuguliwa na mwili wa mtoto. Akazikata. Zikatoka rafu tatu safi za kuwekea makopo ya vanishi na rangi, ambayo yalikuwa yanashika kutu kule karakana. Zilikaa sawasawa kwenye reli ya tatu, na jioni ile Fundi alizitazama akajisifu moyoni. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye hakuna kilichomuuma kama kule kujisifu.

Mwaka ukapita na ushee. Siku moja ya mvua, mchana, mlango uligongwa. Walishangaa, maana waliogonga mahali pale ni wateja tu, na wateja hugonga karakana. Alikuwa Mkate, na koti la mvua lililomfika magotini, na mkoba begani.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Mbona hukupiga simu?"

"Kwema. Nimepita tu."

Mama yake akamkumbatia, akamvuta ndani, akawasha jiko kabla hajamaliza kumkumbatia. Mkate alisimama katikati ya nyumba, mahali ambapo mtu mmoja tu anaweza kusimama, na macho yake yakaenda yenyewe mkono wa kushoto, reli ya tatu. Makopo yalikuwa yamejipanga, makubwa nyuma, madogo mbele. Akayatazama kitambo. Kisha akatabasamu.

"Miezi mitatu ilipita," akasema.

Fundi akacheka. Alifurahi hasa. Aliona amelea mtoto anayejua sheria, asiyenung'unika. "Ilipita na wiki mbili juu," akamjibu.

Wakanywa chai. Mkate aliketi juu ya sanduku la viatu, lililoingizwa ndani lisilowe, magoti yamebanana, koti hakulivua hata alipobembelezwa. Alisema linachelewa kukauka, na humu hakuna pa kulianika. Mama yake akamuuliza mbona amekonda uso, akasema kazi. Akaulizwa habari za mumewe, akasema yupo. Alikula kipande cha mkate na kuokota makombo yote kwa kidole, kama alivyofundishwa. Halafu akasema gari lake linaondoka saa kumi.

"Utaondokaje leo na mvua hii?" mama yake akaruka. "Lala. Tutakutandikia hapa chini."

Mkate alitazama sakafu kati ya jiko na kitanda cha wazazi. "Hapo, Mama? Mtapita wapi?"

Hapo palikuwa na sentimita sitini. Fundi alipajua kuliko mtu yeyote duniani, na kwa kuwa alipajua, akajibu kama fundi. "Kweli, atalala vibaya. Heri awahi gari, akajilaze kwake kwa raha."

Mkate akaitikia kwa kichwa. Akaosha kikombe chake, akakirudisha kwenye ndoano yake, akaaga. Mama yake alimsindikiza hadi kwenye kona na mwavuli. Fundi alirudi karakana kumalizia mlango wa kabati la mtu.

Siku ya nne alikwenda kwa mwenye duka wa njia panda kununua skrubu. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi, na Fundi kwa kawaida alimsikiliza kwa sikio moja.

"Yule binti yako alifika salama na lile sanduku?"

"Sanduku gani?"

"La bati. Kubwa. Alishuka nalo kwenye basi saa sita, akaliacha hapa. Aliniambia, 'Niwekee, nikaulize kwanza nyumbani kama pana nafasi.' Saa tisa unusu akarudi akalichukua. Nikajua mmepata pengine pa kuliweka."

Fundi alishika zile skrubu hadi zikamchoma kiganja. Alimwambia mwenye duka ndiyo, alifika salama. Akarudi zake bila kuangalia njia. Mtu habebi sanduku zima la bati kwa mwendo wa saa nne ili apite tu. Yule mtoto alikuja kukaa, akaangalia ukutani, akahesabu haraka kama alivyofunzwa kuhesabu, akaona hapatoshi, akafanya utani ili wao wasione aibu. Naye baba mtu akacheka.

Hakumwambia mkewe. Alimpigia Mkate simu akiwa amejificha nyuma ya mbao, kama mwizi.

"Niko sawa, Baba."

"Na mumeo?"

"Yupo."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Asante, Baba."

Palepale ndipo angesema. Angesema, nimesikia habari ya sanduku, rudi nyumbani. Maneno matano sita. Lakini Fundi alikuwa mtu wa kupima na kukata. Maneno hayakuwa kazi yake, akayaogopa. Badala yake alikata shauri kwamba atakitengeneza upya kile kitanda, kisha ndipo ampigie, amwambie njoo uone. Aone kitanda, aelewe yote, pasiwe na haja ya kusemeshana. Ikaja kazi ya madawati ya shule, arobaini na tano, yanatakiwa haraka. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Makopo yalibaki pale pale, na kila asubuhi aliyapita akiangalia upande wa pili.

Simu iliyofuata haikutoka kwa Mkate. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kikazi, iliyochoka.

"Samahani, naongea na Baba Mkate? Kwenye fomu ya binti yako umeandikwa hivyo. Mimi ni msimamizi wake kule hotelini, chumba cha kufulia. Amelazwa tangu jana. Ni vizuri mkija."

"Anaumwa nini?"

"Mje tu, mzee wangu." Halafu, kama mtu aliyeamua kwamba wenyewe wana haki ya kujua, akaongeza: "Amekuwa akilala kwenye chumba cha pasi. Sisi tulijua. Tulinyamaza tu, maana alituomba."

Mama Mkate hakungoja kusikia mara ya pili. Alifunga khanga na sabuni kwenye mfuko, akavaa viatu akiwa anatembea. Kwenye kona akageuka akaona yuko peke yake.

"Huji?"

"Tangulia," Fundi akasema. "Nakuja."

Hakwenda. Hapa ndipo watu humhukumu, na mimi siwezi kumtetea, ila naweza kueleza kilichopita kichwani mwake. Aliona mtoto anatoka hospitali, anarudi nyumbani mgonjwa, anasimama tena katikati ya nyumba na macho yanakwenda tena mkono wa kushoto. Hilo aliona hawezi kulivumilia mara ya pili. Akayashika yale makopo akayatupa nje mawili mawili, mengine yakapasuka, vanishi ikamwagika uani. Akazing'oa rafu. Akachagua mbao bora alizokuwa nazo, za kabati la mteja, akaanza kupiga randa.

Alipofika kwenye urefu akakwama. Kipimo cha zamani kilikuwa cha msichana wa shule. Akajaribu kukumbuka siku ya harusi, Mkate alipomwinamia kumuaga, kichwa kilimfika wapi. Sikioni, au begani? Yeye aliyepima wake wa watu wote mtaani hakujua mwanawe ana urefu gani. Akampigia mkewe.

"Mwanao anakuulizia," Mama Mkate akasema kabla hajasema lolote.

"Nisaidie kitu. Mpime. Kwa shubiri tu, kuanzia kisigino."

"Unataka nimpime mgonjwa kitandani?"

"Nakitengeneza kitanda chake. Mwambie kitakuwa tayari."

"Njoo umwone, Baba Mkate."

"Namalizia."

"Leo kuna jambo hapa, njoo."

"Nimepaka gundi, haiwezi kuachwa. Kesho asubuhi."

Mkewe akakata simu. Kesho asubuhi gundi ilikuwa imekauka, lakini kulikuwa na msasa. Kesho kutwa kulikuwa na vanishi. Akaongeza urefu wa kitanda kwa kukisia, akapunguza kabati lake mwenyewe la nguo ili kitoshe. Alifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na alijua hivyo, na safari hii hakujisifu.

Siku ya tano wakarudi na teksi. Mkate alishuka polepole akishikilia mlango. Alikuwa amevaa gauni la mama yake na lilimpwaya. Sanduku la bati lilikuwa kwenye buti. Fundi akalibeba mwenyewe, likiwa jepesi kuliko alivyotarajia. Mkate akamsalimu, akaitikia, wakasimama. Hakuna aliyejua la kufanya na mikono. Mama Mkate akamketisha binti yake kwenye kiti karakana, penye hewa, kisha akamwambia mumewe, "Nifuate bombani."

Bombani akafungulia maji ili wasisikike.

"Siku ile ya mvua alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ndiyo maana koti hakuvua. Mumewe alishaleta mwanamke mwingine ndani, akamwambia achague kukaa naye au kuondoka. Akafunga sanduku akaja kwetu. Alitaka aulize kwanza. Tulipomrudisha..."

"Hatukumrudisha."

"Tulipomrudisha," mkewe akarudia, "hakuwa na pa kwenda. Akaenda kulala pale kazini, juu ya mafurushi ya shuka. Mchana ananyanyua mashuka mabichi, na wewe unajua shuka mbichi ilivyo nzito. Mtoto alikuja mwezi wa saba. Wa kiume. Hakulia."

Fundi akaangalia maji.

"Tulimzika juzi. Mimi, yule msimamizi, na wauguzi wawili. Mkate hakuweza kusimama, tukamweka kwenye kiti. Ndilo lile jambo nililokuambia njoo. Wewe ulikuwa umepaka gundi."

Fundi akajiegemeza kwenye bomba. Alitaka kusema hakujua, ila alikuwa anajua nusu yake tangu dukani, na ile nusu ndiyo ingetosha. Akamweleza mkewe habari ya mwenye duka na sanduku. Alimweleza yote, na kila neno lilimtoka kwa shida. Mama Mkate alisikiliza bila kumtazama. Fundi alingoja amtukane. Ingekuwa nafuu.

"Na mimi nina langu," mkewe akasema mwishowe. "Kile kitanda kiliguswa."

"Kiliguswa na nani?"

"Na mimi. Baada ya harusi. Kila wiki, ukiwa karakana, nilikuwa nakivuta nalala mchana, nimejikunja. Kilikuwa bado kina harufu ya mafuta yake ya nywele. Siku ile ya ukaguzi ningesema neno moja, kisingekatwa. Sheria yenyewe ingekilinda."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu. Mtu mzima, nalala kwenye droo ya mtoto. Ungenicheka."

Fundi akafikiri sana, akitafuta namna ya kusema hapana, asingecheka. Hakuipata. Angecheka. Angemwita Mkate Mkubwa mwezi mzima. Wakasimama pale bombani, wazee wawili, ndoo imefurika na maji yanatiririka uani, mpaka mmoja akakumbuka kufunga.

Fundi alimwingiza binti yake ndani yeye mwenyewe. "Vuta," akamwambia.

Mkate alivuta kwa vidole viwili na kitanda kikaja bila kutoa sauti, kirefu, kipya, kimetandikwa shuka nyeupe. Upande wa kichwani Fundi alikuwa ameweka rafu ya kuwekea vitu vidogo, kitana, simu, kitabu. Alikuwa hajawahi kumwekea mtu rafu isiyo na kazi maalumu.

"Kizuri sana, Baba," Mkate akasema. "Mmejisumbua."

"Hakuna ukaguzi tena. Nimeufuta."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeambiwa ofisi imebadilisha saa za kufungua.

Fundi akajikaza. Alikuwa hajalala siku kadhaa, lakini safari hii alikuwa ameapa kwamba atasema. "Mwanangu, nilikukosea. Siku ile na siku zote zilizofuata. Nilipaswa kuja kukuchukua. Nilipaswa kuja kumzika mjukuu wangu. Nisamehe."

Mkate alimtazama, na machoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Fundi alikuwa amejiandaa kwa hasira. Angeipokea kwa mikono miwili.

"Hukunikosea, Baba. Hapakuwa na nafasi. Mimi mwenyewe niliona."

Akalala na kugeukia ukutani. Alitosha. Kitanda kilibaki na sentimita nne upande wa miguu, na Fundi alilia kwa sababu ya zile sentimita nne, akiwa amekaa karakana kwenye benchi la kazi, na mkewe alimwacha alie.

Asubuhi Fundi alipoamka, kitanda kilikuwa kimeshasukumwa ndani. Alidhani labda ni nafuu, labda mtoto ameamka na nguvu. Akakivuta. Shuka zilikuwa zimekunjwa pembe kwa pembe, zimewekwa upande wa miguu, na mto juu yake. Katika nyumba ile kitanda kilisukumwa ndani pamoja na shuka zake. Hakuna aliyewahi kuzikunja. Rafu ya kichwani ilikuwa tupu. Sanduku la bati lilikuwa pale pale mlangoni alipolitua jana, na kufuli yake.

Mkate alikuwa nje, ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amevaa viatu, amechana nywele, na mkoba umelala mapajani. Kikombe alichonywea dawa kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa juu ya kitambaa safi, ila si kwenye ndoano yake. Alipomsikia baba yake nyuma, akajisogeza upande ili asimzuie kupita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

"Salama. Nashukuru sana."

Fundi akashuka akaketi kando yake, ngazi ikawatosha kwa kubanana. Aliwaza amwambie nini. Kwamba sanduku alifungue. Kwamba shuka aziache. Kila alichokifikiria kilikuwa na sauti ya sheria mpya, na sheria ndizo zilizowafikisha hapa. Mkate alikuwa anapapasa kamba ya mkoba, anataka kusema jambo na anasita, na Fundi akageuka amsikilize kwa masikio yote mawili, kwa sababu alidhani sasa linakuja, lawama au kilio, chochote kile mtoto anachoweza kumwambia baba yake.

"Baba, samahani," Mkate akasema taratibu. "Naomba kutumia choo."

Fundi akavuta miguu yake kumpisha. "Nenda, mwanangu," akasema.

Mkate akasema asante, akainuka kwa kujishikilia, akaenda na mkoba wake begani.